Magoti Yangu Si Ushahidi

Kwetu mtu akiitwa na wakubwa hasubiri kuulizwa. Anapiga magoti, anasema, "Nimekosa," kisha ndipo anauliza kosa lenyewe ni lipi. Nimelelewa hivyo, kijijini, upande wa Bujora. Baba akiita kwa sauti ya juu, uwe kisimani, uwe unapeta mtama, unaacha ulichoshika, unakuja, unashusha magoti, unasema nimekosa, baba. Mara nyingi alikuwa anatafuta kiberiti tu. Neno lile lilikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Hakuna aliyedhani miguu yako ni michafu. Hata wazee wetu walipokaa kuamua ugomvi wa ng'ombe aliyeingia shambani kwa mtu, mwenye ng'ombe na mwenye shamba wote walianza kwa kukosa, halafu shauri likasikilizwa. Aliyeanza kwa kubisha alionekana hakulelewa.

Nimelitanguliza hilo ili nisiulizwe katikati ya habari, ilikuwaje mwanamke wa miaka sitini na nane, aliyemaliza darasa la saba, anayejisomea Biblia mwenyewe, akakiri polisi jambo asilolijua.

Kazi yangu ni dagaa. Kila Jumatatu nilikuwa navuka kwenda kisiwani, nanunua dagaa wabichi wanaposhushwa alfajiri, nawaanika juu ya nyavu kuukuu, si chini mchangani, maana dagaa wa mchangani wanamkwaruza mlaji meno. Saa nne nawageuza, saa nane nawageuza tena. Wingu likitokea tu, hata dogo, nawakusanya na kuwafunika turubai, kwa sababu dagaa aliyenyeshewa hubadilika rangi na wateja wa Kirumba wana macho. Alhamisi narudi Mwanza na magunia yangu, kisha nyumbani Kiseke kwa mume wangu Nkwabi, ambaye alikuwa fundi wa injini za mitumbwi mpaka miguu yake ilipogoma.

Aliyenivusha kwa miaka sita ni Otuoma, Mjaluo wa Rorya, mtu mrefu hata akiwa amekaa. Ananiita Mama Suzana, kwa jina la binti yangu. Nilikuwa namtania kwamba siku akioa, mkewe itabidi aazime masufuria ya msibani, kwa jinsi anavyokula. Yeye alikuwa anajibu kwamba hajaoa kwa sababu ananisubiri nimtafutie hayo masufuria.

Mitumbwi ile hubeba pia mizigo ambayo mwenyewe hasafiri. Mtu anakuja ufukweni na gunia, limeandikwa jina la mpokeaji kwa makapeni, ile kalamu ya wino mzito, anamwambia nahodha kwamba mwenye jina hilo atakuwa anasubiri mwaloni, pale Kirumba mitumbwi inapotia nanga. Hakuna anayefungua gunia la mwenzake. Ndivyo dagaa na mihogo na nguo za wanafunzi zinavyovuka ziwa, miaka nenda rudi. Alhamisi ile, mwezi wa tatu mwaka jana, mtu nisiyemfahamu alileta gunia lililoandikwa PAULO. Otuoma akalipokea, akalilaza nyuma karibu na magunia yangu manane. Kwa kuwa lilikuwa fupi na limejaa vizuri, nililikalia. Nilivuka nimelikalia safari nzima, nakula karanga.

Kirumba hakuja Paulo yeyote. Walikuja askari wanne wa wanyamapori, moja kwa moja, kama watu walioelekezwa. Walilifungua gunia la Paulo, wakatumbukiza mkono ndani ya dagaa na kutoa kifurushi cha kitenge, na ndani ya kitenge meno sita ya kiboko. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno ya kiboko karibu namna ile. Ni ya manjano kama mahindi yaliyokaa sana ghalani, yamepinda, mazito. Wakauliza ni nani aliyekuwa na gunia hili. Watu wote mwaloni wakanitazama mimi, na kweli nilikuwa na vumbi la gunia hilo kwenye sketi yangu.

Kituoni alikuwepo afisa mwenye mvi. Aliita, "Mama, hebu njoo hapa," kwa sauti ileile ya baba yangu, na magoti yangu yakashuka yenyewe kabla sijawaza.

"Nimekosa, mkuu," nikasema.

"Kosa gani?"

"Silijui. Niambie wewe."

Aliandika la kwanza, la pili akaliacha. Miwani yangu ilikuwa imebaki kwenye kikapu mwaloni, kwa hiyo alinisomea yeye. Nilisikia maneno mengi ya sheria, na katikati yake nikasikia, nakiri kwamba nimekosa. Neno hilo nilikuwa nimelisema kweli, na mimi si mtu wa kukana nililosema. Nikasaini Wilhelmina, W ikiwa kubwa, kama mwalimu alivyotufundisha.

Ndipo nikaambiwa ni nyara za serikali, uhujumu uchumi, na hati ikaletwa mahakamani kwamba mimi na Otuoma, aliyekamatwa pamoja nami, tusipewe dhamana.

Mpaka siku ninayokuja kuieleza nilikuwa nimekaa mahabusu miezi kumi na minne. Kila baada ya siku kumi na nne tulipandishwa karandinga, tukafikishwa mahakamani, tukaambiwa upelelezi haujakamilika, tukarudishwa. Otuoma alikuwa upande wa wanaume, nilimwona siku hizo tu, kupitia nondo. Upande wetu tulilala kwa kugeuka pamoja. Mmoja akichoka ubavu anagonga sakafu na wote tunageuka. Aliyelala nyuma yangu alikuwa Queen, binti wa kesi ya wizi wa simu, mwenye mdomo. Alinitambulisha kwa kila mgeni kwamba huyu ndiye jangili wenu, amemmaliza kiboko kwa kisu cha kuparia samaki. Nilimfundisha kushona shuka zilizochanika kwa nyuzi tulizochomoa kwenye ncha za khanga. Subira ninayo. Anayeanika dagaa msimu wa mvua anajifunza subira apende asipende.

Lakini mwezi wa nne mwaka huu Nkwabi alianguka bafuni. Suzana aliniletea habari akiwa amesimama upande wa pili wa wavu wa wageni. Nyonga haikuvunjika, alisema, ila tangu siku hiyo baba anakula vijiko vitatu na kusukuma sahani. Akiulizwa anachotaka, anauliza nitarudi lini. Nkwabi ana miaka sabini na sita. Nilihesabu, na nikaacha kuhesabu.

Wiki iliyofuata alikuja wakili niliyepangiwa, jina lake Alexander, kijana msafi, viatu vyake havikuwa na tone la tope japo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alinieleza taratibu, na sina ubaya naye. Alisema sheria ya sasa inaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kukubaliana. Nikikiri, adhabu itakuwa nyepesi, faini tu, na watoto wangu wakiilipa ninalala nyumbani siku hiyohiyo. Nikikataa na kesi ikasikilizwa na nikatiwa hatiani, ni miaka ishirini. Akaweka karatasi mezani.

Safari hii miwani nilikuwa nayo. Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Karatasi ilisema kwamba mimi Wilhelmina nilikutana na Otuoma ufukweni siku mbili kabla, tukapanga kuvusha meno, kwamba Otuoma ndiye aliyeyaleta na mimi nikayafukia ndani ya dagaa, na kwamba nitakuwa tayari kutoa ushahidi huo dhidi yake.

Nikamuuliza nani aliyeandika hadithi hii. Akasema ni maelezo ya awali ya tukio. Nikamwambia mimi nilikuwepo kwenye tukio na sikuona mtu wa kuandika. Akatabasamu kidogo. Nikauliza kama naweza kukiri peke yangu, nibebe mimi yote, na sehemu ya Otuoma ifutwe.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo sehemu ndiyo wanayoitaka. Bila hiyo hakuna makubaliano." Kisha akashusha sauti. "Na mimi nasikia mwenzako yuko mbioni kusaini ya kwake. Akikutangulia, wewe ndiye utakayebaki na mzigo."

Nikaomba siku mbili.

Suzana alikuja kesho yake. Wakili alikuwa ameshampigia simu. Mwanangu huyu ni mtulivu, anafundisha watoto wa chekechea, lakini siku hiyo alishika wavu kwa vidole kumi. Aliongea habari za baba yake mpaka askari magereza wa zamu akatazama pembeni. Nilimwambia kwamba niliyoyasoma ni uongo na kwamba yanamfunga mtoto wa watu.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "si ulishasema nimekosa mara moja? Ukisema tena utapungukiwa nini?"

Nilitazama vidole vyake kwenye wavu, vimebadilika rangi kwa kukaza, nikaona mikono ya Nkwabi ikifungua injini. Jumatano wakili alipokuja nilisaini. W ikatoka ndogo. Nilijiambia kwamba Otuoma naye amesaini, au anasaini, kwa hiyo uongo wangu unakutana na uongo wake njiani na hakuna atakayemzidi mwenzake. Usiku ule Queen aligonga sakafu mara tatu na mimi sikugeuka.

Ijumaa tulipelekwa mahakamani. Kuna chumba cha kusubiria nyuma ya jengo, wanawake upande huu, wanaume ule, nondo katikati. Otuoma alikuja mpaka kwenye nondo. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu zaidi, na shati alilovaa lilikuwa la mtu mfupi.

"Shikamoo, Mama Suzana."

"Marahaba."

Akaniuliza hali ya mzee. Nikamwambia si nzuri. Akatikisa kichwa, akasema atapona, yule mzee injini yake ni ya zamani, haifi ovyo. Kisha akanisogelea na kucheka chini kwa chini. Akanieleza kwamba watu walimfuata mara mbili wakitaka akiri kwamba meno yalikuwa yangu na yeye alikuwa msafirishaji tu. Walimwambia kwamba mimi nimeshasaini kumtaja yeye, kwa hiyo ajiokoe.

"Nikawaambia wamtafute mjinga mwingine," akasema. "Mama Suzana ninayemjua mimi hawezi."

Nilishika nondo. Nilitaka kukaa lakini pale hapakuwa na pa kukaa.

"Wewe hukusaini?" nikamuuliza.

"Nisaini nini? Mimi nilipokea gunia la Paulo. Nitasema hivyo mpaka ndevu ziwe nyeupe."

"Otuoma, mimi nimesaini. Juzi."

Pembeni yake mwanaume mmoja alikuwa anakohoa, anakohoa, na tulisubiri amalize kana kwamba kikohozi kile kilikuwa na zamu yake ya kuongea.

"Jina langu limo?" akauliza.

"Limo."

Akarudi nyuma akaegemea ukuta. Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika. Alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba, maana kamba huwa zinachukuliwa, kisha tukaitwa.

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi sita na feni isiyozunguka. Benchi la nyuma nilimwona Suzana, na kando yake Nkwabi, amevaa koti lake la kanisani, fimbo katikati ya magoti. Walikuwa wamemleta kwa bajaji ili tuondoke pamoja. Suzana alikuwa na mfuko wa nailoni wenye gauni langu la zambarau; niliiona rangi yake ikipenya kwenye mfuko.

Hakimu alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu. Wakili wa serikali akasimama, akaeleza kwamba mshtakiwa wa kwanza ameingia makubaliano, kisha akaanza kuyasoma maelezo yale kwa sauti. Kwenye karatasi yalikuwa maneno. Yaliposomwa yakawa mambo. Nilisikia jinsi nilivyokutana na Otuoma, jinsi tulivyonong'ona, jinsi nilivyofukia meno kwa mikono hii. Alisoma vizuri, kwa kituo na mkato, kiasi kwamba kama ningekuwa benchi la nyuma ningeamini. Nkwabi, ambaye sikio lake la kushoto halisikii, alimwinamia Suzana na kuuliza, na kwa kuwa hajui kunong'ona chumba kizima kilisikia: "Huyo Wilhelmina wanayemsema ni wa wapi?"

Nikaapishwa. Biblia ilikuwa na jalada lililobandikwa gundi ya karatasi. Hakimu akanitazama.

"Bibi, makubaliano haya umeyaingia kwa hiari yako? Kuna mtu amekutisha, au amekuahidi kitu?"

Wakili Alexander alikuwa amenifundisha jibu. Lilikuwa fupi: ndiyo, kwa hiari, hapana, hakuna. Aliyeitwa na mkubwa, kwa malezi yangu, hambishii mkubwa mbele za watu. Mwili wangu wote ulikuwa unashuka. Nikakamata ukingo wa kizimba, mbao imelainishwa na mikono ya watu waliopita pale, nikabaki nimesimama.

"Mheshimiwa, sikuingia kwa hiari," nikasema. "Niliingia kwa sababu mume wangu anaumwa na mimi nimechoka. Yaliyosomwa hapa si kweli. Sikukutana na Otuoma kupanga kitu. Meno yale niliyaona yalipotolewa kwenye gunia, siku hiyohiyo na watu wote wa Kirumba."

Wakili wangu akasimama, akakaa, akasimama tena. Wa serikali akasema mahakama isipotezewe muda, mshtakiwa huyu alikiri tangu siku ya kwanza, maelezo yake ya polisi yapo, na sahihi yake ipo. Hakimu akaniuliza kama ni kweli nilisema polisi kwamba nimekosa.

"Nilisema. Tena nikiwa nimepiga magoti."

"Kwa nini, kama hukukosa?"

"Kwa sababu aliniita kwa sauti ya mkubwa. Hata angekuwa ananiuliza njia ya Kisesa ningeanza hivyohivyo. Halafu nikamwambia kosa silijui, aniambie yeye. Hilo hakuliandika. Mheshimiwa, magoti yangu si ushahidi. Kama ni ushahidi, basi wafungwe wanawake wote wa kwetu."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Hakimu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, na mimi nilisubiri amalize, nikitazama kalamu isije ikaruka mstari. Alipoinua kichwa nikamwomba anisomee alichoandika. Wakili wa serikali akavuta pumzi. Hakimu akanisomea. La kwanza lilikuwemo, na la pili lilikuwemo.

Kisha akanionya, kwa upole lakini bila kuficha. Makubaliano anayakataa, kesi itasikilizwa mwanzo mpaka mwisho, mashahidi wataitwa, na nikikutwa na hatia adhabu yake ni kubwa. Maelezo ya polisi yatapingwa siku yake ikifika. Dhamana haipo. Akaniuliza kama nimeelewa.

"Nimeelewa. Kwa miaka hiyo mnayoisema, mazishi yangu yatakuwa juu yenu. Lakini Otuoma simtoi."

Otuoma alikuwa kando yangu kizimbani muda wote. Hakunigeukia. Ila mkono wake, uliokuwa umening'inia, aliuweka juu ya ukingo karibu na wangu, na hapo akauacha.

Akaulizwa kama naye ana la kusema. Akasema alipokea gunia la Paulo, na angependa kujua kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumtafuta huyo Paulo. Hakimu akamgeukia wakili wa serikali. Wakili wa serikali akafungua jalada, akageuza karatasi, akageuza nyingine, akaomba muda. Tukapewa tarehe, tarehe kumi na tisa ya mwezi unaofuata, ya kesi kusikilizwa na si kutajwa tu. Karani akairudia mara mbili.

Tulipotolewa kwa mlango wa pembeni familia zilikuwa zimesimama kwenye varanda. Suzana alikuwa amekumbatia mfuko wa gauni, uso umelowa, na hakutaka kunitazama. Sikumlaumu, na sikumwomba radhi pia. Alexander alikuwa anamweleza jambo kuhusu rufaa na taratibu, na yeye hakuwa anasikiliza.

Nkwabi alisimama mbele ya njia yetu, fimbo mkononi, mguu mmoja ukitetemeka. Askari akamwambia asogee. Hakusogea, kwa sababu hakusikia au kwa sababu hakutaka, na kwa mume wangu mambo hayo mawili hayajawahi kuwa na mpaka.

"Umekataa?" akaniuliza.

"Nimekataa."

Akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, kama alivyokuwa akikagua injini kabla ya kutaja ugonjwa wake.

"Umekula?"

"Bado."

"Kula," akasema. "Tarehe kumi na tisa siyo mbali, na mimi nitakuja. Huyu kijana naye ale, amekuwa kama kasia."

Otuoma, nyuma yangu, akamjibu, "Shikamoo, mzee," na Nkwabi akaitikia kwa sauti ambayo ilifika mpaka barabarani. Askari akatuambia tupande. Ngazi ya karandinga iko juu, na kwa kawaida mimi husaidiwa. Nilishika chuma, nikapanda mwenyewe.